Kazi haingoji data, inangoja tarehe

Ukikuta kazi imeganda kwenye Airflow, programu inayopanga kazi za kompyuta zifuatane kwa zamu, imekaa tu na rangi yake ya kusubiri tangu usiku, usianze kuichokonoa yenyewe. Mara nyingi haina kosa lolote. Iliambiwa ingoje, nayo inangoja. Swali ni inangoja nini hasa, na jibu lake nimeona likiwashangaza hata watu walioizoea hii programu: haingoji data. Inangoja jina na tarehe.

Nianze na mazingira, msije mkaona natunga. Niko Dodoma, kwenye kampuni inayonunua mahindi na alizeti. Ofisi iko Area D, maghala yako Kibaigwa, Manyoni na Singida. Kila ghala lina mzani, kila mzani una kompyuta yake, na kila kompyuta ina tabia zake. Data za mizani zinaingia usiku, tunazipakia kwenye ghala la data, ambalo kwetu ni PostgreSQL kwenye seva moja ya kawaida, programu nyingine iitwayo dbt inazipanga upya, kisha inatoka ripoti ambayo mzee wetu wa uhasibu anaifungua saa mbili asubuhi kabla hajagusa chai. Anayesimamia nani aanze na nani afuate ni Airflow, ile programu aliyoianzisha Maxime Beauchemin ndani ya Airbnb mwaka 2014, na ambayo sasa iko chini ya taasisi ya Apache. Unaiandikia kwa lugha ya Python: hii kwanza, halafu hii, halafu hizi mbili kwa pamoja. Yenyewe inachora mishale kati ya kazi na kazi, na mshale hauruhusiwi kuzunguka ukarudi ulikotoka. Mchoro mzima ndio unaoitwa DAG.

Chukua DAG zetu mbili. Moja inapakia mizani, nyingine inatengeneza ripoti. Ya kwanza ni yangu, ya pili ina mwenyewe, na kila mtu anataka kugusa cha kwake bila kubomoa cha mwenzake. Utaratibu mzuri, ila mshale wa kawaida hauvuki kutoka DAG moja kwenda nyingine. Lazima uweke mlinzi mlangoni mwa DAG ya pili, kazi maalumu iitwayo ExternalTaskSensor, ambaye shughuli yake ni moja: kuangalia kama ya kwanza imekwisha, na ikiisha afungue mlango.

Basi asubuhi moja simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Hivi Kibaigwa wameacha kuuza?"

Nikafungua skrini. Upakiaji ulikuwa kijani kitupu, maghala yote matatu. Nikaingia kwenye jedwali lenyewe, data za jana zimo, Kibaigwa na magunia yake yote. Upande wa ripoti, mlinzi amesimama mlangoni na kazi zote nyuma yake hazijaanza. Mwenye ripoti, kaka mmoja mtaratibu sana, alikuwa amesogeza ratiba yake. Zamani DAG zote mbili zilianza saa tano usiku. Yeye akaipeleka ya kwake saa kumi alfajiri ili isigongane na muda wa kutengeneza nakala rudufu ya hifadhidata. Mtu yeyote mwenye akili angesema kafanya vizuri: upakiaji unaisha mapema, ripoti inakuja baadaye kabisa, kila kitu kipo tayari. Na ndivyo ilivyokuwa. Kila kitu kilikuwa tayari, na mlinzi akagoma kufungua.

Tuchukue tarehe 10 na 11 Juni tuone. Seva inasoma saa za kimataifa, UTC, iko nyuma yetu kwa saa tatu. Upakiaji wa usiku wa tarehe 10, saa tano, kwa seva ni saa 20:00. Kila DAG inapoendeshwa mara moja, huo ni mzunguko mmoja. Airflow 2 haiuiti mzunguko huo kwa saa ulioanza. Inauita kwa mwanzo wa kipindi unachokihudumia, yaani siku moja nyuma: 9 Juni, 20:00. Ripoti ya alfajiri ya tarehe 11, saa kumi, kwa seva ni 01:00, na jina lake kwa hesabu hiyohiyo ni 10 Juni, 01:00. Sasa mlinzi anaamka. Anasoma jina la mzunguko aliomo, 10 Juni 01:00, kisha anauliza: ule upakiaji wenye jina hilihili umekwisha? Haupo. Haujawahi kuwepo na hautakuwepo. Anasubiri sekunde 60, anauliza tena. Usipombadilishia chochote ataendelea hivyo kwa siku 7 ndipo akate tamaa.

Ni kama mtu uliyemtuma stendi ya Nanenane apokee mzigo wa basi la saa kumi, kumbe mzigo umekuja na la saa tano. Mzigo uko pale, anaukanyaga karibu, lakini yeye kaambiwa basi la saa kumi.

Dawa ni mstari mmoja. Ndani ya mlinzi unaandika execution_delta, yaani tofauti ya muda, yenye urefu wa saa tano. Anachukua jina lake, 10 Juni 01:00, anatoa saa tano, anapata 9 Juni 20:00, anaukuta upakiaji umekwisha zamani, anafungua. Zile ratiba mbili zilipokuwa sawa majina yalilingana yenyewe, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuhitaji mstari huo.

Kabla hatujafika hapo, kaka wa ripoti alishafanya kile ambacho kila mtu hukifanya: alibonyeza kitufe, akauanzisha upakiaji upya kwa mkono. Ukapita, kijani. Mlinzi hakutikisika. Na hapa naomba mtu asome polepole, maana naliona kosa hili kila mahali. Mzunguko ulioanzishwa kwa mkono unapewa jina la dakika ile ulipobonyeza. Kwa mlinzi huo ni upakiaji mwingine kabisa, haumhusu. Ukitaka kurudia kazi ili mlinzi aione, nenda kwenye mzunguko wa zamani wenye tarehe yake, ufute hali yake, Airflow itaukimbiza tena kwa jina lilelile. Bahati yetu ni kwamba upakiaji wetu unafuta siku husika kabla ya kuingiza, la sivyo Kibaigwa wangeonekana wameuza mara mbili, na hapo simu ya mzee ingekuwa ndefu zaidi.

Yote haya yalikuwa yameandikwa kwenye logi ya mlinzi, yaani kumbukumbu ya anachokifanya, kila dakika: natafuta kazi fulani, kwenye DAG fulani, ya tarehe fulani. Watu hawaifungui logi ya kazi ambayo haijafeli. Ifungueni. Soma tarehe iliyoandikwa pale, halafu nenda kwenye ile DAG anayoingoja uone kama kuna mzunguko wenye tarehe hiyo. Kama haupo, umemaliza uchunguzi. Na kwa kazi ambayo haijaanza kabisa, haina hata logi, ipo amri ya kuandika kwenye seva, airflow tasks failed-deps, unaipa jina la DAG, jina la kazi na tarehe, inakujibu ni masharti gani hayajatimia. Kwenye Airflow 2 maelezo hayohayo yanaonekana pia ukifungua ukurasa wa undani wa kazi yenyewe. Nashangaa jinsi amri hii isivyojulikana. Watu wanazima seva na kuiwasha kwanza.

Mlinzi ana mambo mengine mawili ya kuyajua. La kwanza, akiachwa na mipangilio ya kuzaliwa nayo, anajali jibu moja tu, kwamba kazi imefaulu. Upakiaji ukifeli, yeye hafeli. Anaendelea kungoja ufaulu. Mwambie waziwazi, kwa failed_states, kwamba kufeli kwa mwenzake ni kufeli kwake pia, ili ujue saa kumi na moja alfajiri badala ya kuambiwa na mhasibu. La pili, anapongoja anakalia nafasi. Seva yetu ni ndogo na tumeibana isifanye kazi nyingi kwa wakati mmoja. Mlinzi mmoja aliyekwama leo, mwingine kesho, mwingine keshokutwa, na siku si nyingi nafasi zote zimejaa walinzi wanaongoja vitu visivyokuja, wakati kazi zenye shughuli ziko foleni nje. Ukifika hapo, dalili zinakupoteza kabisa, maana kinachoonekana kimekwama ni DAG ya mishahara au kitu kingine kisichohusiana na lolote. Weka mode iwe reschedule, aulize, aondoke, arudi baadaye.

Saa zenyewe nazo ni kasheshe ya kwetu peke yetu. Mtunza ghala Kibaigwa ananiambia, "Dada, msimu huu mzani tunafunga saa tano," na mimi na yeye tunaelewana bila shida, ni saa tano usiku. Kijana wetu wa mafunzo kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliandika maelezo hayo kwenye ratiba, akaweka 5. Kwa seva tano ni saa tano za UTC, ambazo kwetu ni saa mbili asubuhi. Mzee wa uhasibu na upakiaji wakawa wanafika kazini pamoja. Tangu hapo kila DAG yetu inaandikwa kwa ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam, na kwenye maelezo ya juu kabisa tunaandika saa kwa maneno, "saa tano usiku", pembeni ya namba, ili anayekuja nyuma aone kama vinakubaliana. Afadhali sisi hatuna ile michezo ya Ulaya ya kusogeza saa mbele na nyuma kila mwaka. Tofauti yetu na UTC ni saa tatu, Januari mpaka Desemba.

Jingine lililotusumbua ni waridi. Jumapili Manyoni hawafungui, kwa hiyo nilikuta DAG ina njia panda: kama kuna faili la Manyoni pakia, kama hakuna ruka. Kazi iliyorukwa inakuwa na rangi ya waridi. Baada ya njia panda kuna kazi ya kuunganisha maghala yote. Sasa sharti la kawaida la kila kazi ni kwamba waliotangulia wote wawe wamefaulu, na kurukwa si kufaulu. Hivyo nayo inarukwa, na inayofuata inarukwa, waridi mpaka mwisho, na hakuna barua pepe ya onyo kwa sababu hakuna kilichofeli. Sharti linalofaa pale ni none_failed_min_one_success: asiwepo aliyefeli, na apatikane angalau mmoja aliyefaulu. Jina refu, lakini linasema kinachofanyika.

Lakini niseme ukweli, kazi zinazokwama hazininyimi usingizi. Iliyokwama unaiona. Inayotisha ni ile isiyokwama ilipopaswa kukwama.

Kwenye msimbo niliourithi, jedwali la mauzo liliunganishwa na jedwali la bei. Bei zinatoka kwenye jedwali la Excel la idara ya ununuzi, zinapakiwa na kazi nyingine. Hapakuwa na mshale kutoka bei kwenda mauzo. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa faili la bei ni dogo na lilikuwa linamaliza kuingia muda mrefu kabla ya mizani. Utegemezi ulikuwepo, ila ulikuwa unalindwa na bahati. Halafu ikaja siku mtandao wa ofisi ukawa unavuta kama mgonjwa, bei zikachelewa, na mauzo yakaanza bila hizo bei. Muunganisho ulikuwa wa ndani, yaani mstari wa mauzo usio na bei yake unatupwa. Hakuna kosa, hakuna onyo. Magunia ya alizeti yenye bei mpya ya siku hiyo yalitoweka tu kwenye ripoti, na kila kazi ikawa kijani. Mzee wa uhasibu ndiye aliyelikamata, kwa daftari lake la mkono, na alinieleza kwa upole ulionichoma kuliko ningefokewa: "Binti yangu, Singida nimeongea nao mwenyewe jana. Wameuza."

Hapo hakuna logi itakayokusaidia, kwa sababu mfumo haujui kwamba kuna kitu kimekosekana. Unachoweza kufanya ni kukaa na kila jedwali na kuuliza linasoma majedwali gani, kisha ulinganishe na mishale iliyochorwa. Kazi ya kuchosha. dbt inakupunguzia sehemu kubwa kama utaitumia inavyotaka. Ndani ya dbt huandiki jina la jedwali moja kwa moja, unaandika ref na jina la modeli, yaani ile hoja inayolizaa jedwali, na kutokana na hizo ref inachora mishale yenyewe. Mtu akiandika jina la jedwali kavu, labda kwa haraka, labda kalinakili kutoka kwenye dirisha lake la majaribio, hoja itafanya kazi vilevile na majibu yatatoka vilevile, ila mshale haupo. Hicho ndicho nilichokikuta. Sasa nina amri fupi inayopekua faili zote za modeli kutafuta neno from ambalo halifuatiwi na ref wala source (hii ni ya majedwali ghafi), na siipitishi kazi ya mtu yeyote yenye hilo, hata akiwa na haraka ya bosi. Nimeongeza pia jaribio la uhusiano: kila zao kwenye mauzo lazima liwe na mwenzake kwenye bei. Ukitumia dbt build, jaribio linaendeshwa mara tu modeli yake ikikamilika, na likifeli modeli zinazofuata zinaachwa. Siku hizi bei zikichelewa ninapata wekundu. Napenda wekundu.

Kinyume chake pia kipo, mshale usio na haja. Mtu alizipanga Kibaigwa, Manyoni na Singida moja baada ya nyingine ili mchoro upendeze. Mtandao wa Kibaigwa ukikatika, Singida nao hawapakiwi, ingawa data zao zimefika na hawadaiwi chochote na Kibaigwa. Nilifuta mishale miwili, basi.

Kuna na ule utegemezi wa aina nyingine, wa maktaba za Python, ambao kwa kweli unanikera kuliko unavyostahili kuandikwa. Kwa kifupi: Airflow 2 imejifunga kwenye SQLAlchemy 1.4, maktaba ya kuzungumza na hifadhidata, wakati pandas, maktaba ya kuchakata majedwali, kuanzia toleo 2.2 la Januari 2024 inataka SQLAlchemy 2. Ukiziweka chumba kimoja, pandas inashindwa kuitambua injini ya hifadhidata na kulalamika kwamba haina cursor, ujumbe ambao hautaji matoleo kabisa na utakufanya uchunguze nywila ya hifadhidata mchana kutwa. Baki na pandas 2.1, au ipe kazi hiyo mazingira yake yenyewe kwa aina ya kazi iitwayo ExternalPythonOperator. Na ukisakinisha Airflow, tumia faili la vikwazo, lenye matoleo ya maktaba yanayopatana, wanalolitoa pamoja na kila toleo. Wameliandika kwenye maelekezo kwa sababu.

Sasa tunajiandaa kuhamia Airflow 3, iliyotoka Aprili 2025, na wale wenye walinzi kama wetu wanatakiwa kuangalia kitu kimoja. Kwenye toleo hilo ratiba ya cron, ile inayoandikwa kwa namba za saa na siku, isipobadilishwa, haiuiti tena mzunguko kwa mwanzo wa kipindi. Inauita kwa saa ulioanza. DAG mbili za kila siku hazitadhurika: ripoti itakuwa 11 Juni 01:00, upakiaji 10 Juni 20:00, tofauti bado saa tano. Ripoti ya wiki ndiyo ya kuitazama. Ile inayoanza Jumatatu alfajiri, tarehe 16 Juni 2025 kwa mfano, kwa hesabu ya zamani jina lake ni 9 Juni 01:00, na upakiaji wa mwisho wa Jumapili usiku jina lake ni 14 Juni 20:00, kwa hiyo mlinzi wake ana execution_delta hasi, siku tano na saa kumi na tisa kwenda mbele. Kwa hesabu mpya tofauti hiyohiyo ni saa tano chanya. Ukihamia bila kuibadilisha, atakuwa anangoja upakiaji wa Jumamosi ijayo, na mnamo Jumamosi usiku atafungua mlango kweli. Upo mpangilio wa kurudisha hesabu ya zamani, create_cron_data_intervals, lakini sisi tumeamua kubadilisha walinzi. Kaka wa ripoti keshaanza kuwaorodhesha, na nimemwomba pembeni ya kila mmoja aandike saa kwa maneno.